Sir John Kirk: daktari wa Zanzibar, mswaki mchungu na sumu ya mshale iliyogeuka dawa ya moyo

Hivi karibuni, baada ya kipindi chetu cha afya, alipiga simu mama mmoja wa Msasani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. Mumewe ni mgonjwa wa moyo na anatumia vidonge vidogo vya digoksini alivyoandikiwa kliniki. Jirani akaja akawaambia kwamba dawa za namna hiyo asili yake ni sumu ya mishale. Mzee aliposikia hivyo akavifungia vidonge kabatini, na ile ilikuwa siku ya nne hajavigusa. Mama alitaka kujua jambo moja tu: ni kweli au ni maneno ya mtaani?

Nilimwomba kwanza ampeleke mzee kliniki siku hiyohiyo, na pakiti ya dawa aende nayo mkononi. Mimi ni mtangazaji, si daktari. Lakini swali lake halikuniacha, nikaanza kulifuatilia. Jibu lake, msomaji, linapita kwenye maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulimsoma darasani kwa habari nyingine kabisa. Ni Sir John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza katika Zanzibar ya Sultani Barghash, yule aliyehusika na kufungwa kwa soko la watumwa mwaka 1873. Vitabu vya shule havisemi sana kwamba Kirk alikuwa daktari, na kwamba siku moja aliweka sumu ya mshale mdomoni mwake bila kujua.

Mtoto wa mchungaji kutoka Uskoti

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 huko Barry, kijiji cha pwani ya mashariki ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji. Kijana alipelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma udaktari, akahitimu mwaka 1854. Zama hizo Edinburgh ilikuwa moja ya shule kubwa za tiba duniani, na mwanafunzi wa udaktari alilazimika kuijua mimea vizuri, kwa kuwa dawa nyingi zilitoka kwenye majani, magome na mizizi. Kirk aliipenda mimea kuliko ilivyohitajika kwa mtihani. Mapenzi hayo ndiyo yaliyomleta Afrika.

Alifanya kazi kwa muda mfupi katika hospitali kubwa ya Edinburgh. Mwaka 1855, wakati wa vita vya Crimea, alikwenda kutibu askari katika hospitali ya Waingereza huko Renkioi, Uturuki. Mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka 25, aliajiriwa kuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi.

Msafara ule ulikuwa mgumu. Homa iliwapata mara kwa mara, boti ilisumbua, na viongozi waligombana. Mwaka 1860 mtumbwi wa Kirk ulipata ajali kwenye maporomoko ya Kebrabasa, yeye akanusurika, lakini madaftari na michoro yake ya mimea ikaenda na maji. Mwaka 1862 alikuwepo Shupanga wakati mke wa Livingstone, Mary, alipofariki kwa homa. Katikati ya shida zote hizo Kirk aliendelea kukusanya mimea, kuikausha, kuandika jina lake kwa lugha ya wenyeji na kuuliza inatumika kwa nini.

Sumu inayoitwa kombe

Katika bonde la mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi, wasafiri hao walikutana na wawindaji waliotumia mishale yenye sumu. Sumu hiyo wenyeji waliiita kombe. Mnyama mkubwa kama nyati alipigwa mshale mmoja, akaachwa akimbie, wawindaji wakafuata nyayo zake taratibu hadi walipomkuta ameanguka. Nyama iliyozunguka jeraha ilikatwa na kutupwa. Nyingine ililiwa, na hakuna aliyedhurika.

Jambo hilo lingemshangaza daktari yeyote. Sumu inayoua nyati, lakini nyama yake inalika! Leo tunajua sababu: sumu hii ikiingia kwenye damu kupitia jeraha huua, lakini ikipitia tumboni ni kidogo tu inayofika kwenye damu. Wawindaji wale walilijua hilo kwa vitendo, kizazi baada ya kizazi, kabla hakujawa na maabara ya kulieleza. Walijua pia mbegu gani za kusaga na namna ya kuupaka mshale. Hao ndio waanzilishi wa habari hii, ingawa hakuna aliyeandika majina yao.

Kwetu Tanzania ujuzi wa namna hii haukuwa mgeni. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi mpaka leo hupaka mishale yao sumu inayotoka kwenye mimea ya jamaa hiyohiyo. Wakamba na Wagiriama wa Kenya walitumia mti mwingine, lakini sumu yake hufanya kazi ileile kwenye moyo. Na wavuvi wa pwani, wakiwemo wazee wetu wa huku Msasani, wanaujua utupa, mmea unaopondwa na kumwagwa majini ili samaki walewe. Utupa ni sumu ya aina nyingine, lakini somo lake ni lilelile: watu wa huku walijua muda mrefu kwamba mmea mmoja unaweza kuangusha mnyama bila kumdhuru mlaji.

Kirk aliutafuta mmea wa kombe hadi akaupata. Ni mtambazi wa msituni unaopanda juu ya miti, wenye mbegu zilizoota nywele laini ndefu zinazopeperuka na upepo. Wataalamu wa mimea wanauita Strophanthus kombe. Sehemu ya pili ya jina hilo ni neno la wale wawindaji wenyewe.

Asubuhi ya mswaki mchungu

Kirk alikuwa amechukua kiasi cha sumu hiyo ili aichunguze baadaye, na kwa bahati mbaya ikagusana na mswaki wake mfukoni. Siku moja alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni.

Hakushtuka. Kila mtu kwenye msafara alitumia kwinini kwa ajili ya homa, na Kirk alikuwa na tabia ya kuchotea unga wa kwinini kwa mpini wa mswaki huo. Kwinini ni chungu. Akadhani ni mabaki yake.

Ila siku hiyo alikuwa na mafua na mapigo ya moyo wake yalikuwa yamepanda. Baada ya kupiga mswaki akagundua kwamba mapigo yameshuka. Kwinini haikuwa na kawaida ya kumfanyia hivyo. Akaunganisha mambo matatu: uchungu, sumu iliyokuwa mfukoni, na mapigo yaliyopungua. Kesho yake alikuwa mzima, lakini akawa ameelewa kwamba kombe inakwenda kwenye moyo.

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nimwandike Kirk badala ya daktari mwingine. Wengi tungesukutua maji, tukatema na kusahau. Yeye alishika kifundo cha mkono akahesabu, kisha akajiuliza nimeingiza nini mwilini leo ambacho jana sikuingiza. Swali hilohilo ndilo la kwanza daktari wa dharura anakuuliza ukimfikisha mgonjwa aliyeanguka ghafla.

Livingstone aliieleza habari ya mswaki katika kitabu cha msafara kilichotoka mwaka 1865. Kirk mwenyewe alikuwa ameshaondoka Zambezi mwaka 1863, afya yake ikiwa imedhoofu.

Kirk wa Zanzibar

Mwaka 1866 alirudi Afrika, safari hii Zanzibar, akiwa daktari wa ofisi ya ubalozi wa Uingereza. Mwaka uliofuata alimwoa Helen Cooke. Hakukaa sana kwenye udaktari peke yake. Alipanda ngazi hadi akawa balozi mdogo, na kwa miaka mingi hakukuwa na Mwingereza mwenye nguvu kuliko yeye katika pwani hii.

Zanzibar aliyoikuta ilikuwa na mali nyingi na mateso mengi. Karafuu na pembe za ndovu zilitajirisha watu wachache, na watumwa waliuzwa sokoni Mkunazini. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia kikaua maelfu ya watu kisiwani na pwani. Mwaka 1870 Sultani Majid, yule aliyeanzisha mji wa Dar es Salaam, alifariki, na ndugu yake Barghash akashika kiti. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu.

Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtaka Barghash apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Sultani alikataa mara ya kwanza. Kirk ndiye aliyepeleka onyo kwamba manowari zingekizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko likafungwa. Kwenye kiwanja kile leo limesimama kanisa kuu la Kianglikana. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Uliendelea kwa miaka mingi mashambani na majumbani, na biashara ya magendo ilihamia njia za bara.

Kirk hakuwa malaika, na sioni haja ya kumsafisha. Alifanya kazi ya dola yake. Katikati ya miaka ya 1880, Wajerumani walipoanza kudai bara, Barghash alimtegemea Kirk kama rafiki. Amri ya London ikawa asimsaidie Sultani kuwapinga Wajerumani, na Kirk akaitii. Manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri mwaka 1885, na mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zikagawana bara kwenye karatasi. Dar es Salaam yetu ikaangukia upande wa Wajerumani. Kirk aliondoka Zanzibar mwaka 1886.

Aligombana pia na Henry Morton Stanley, aliyemlaumu kwamba alizembea kumpelekea Livingstone mahitaji kule Ujiji. Kirk alikana, na serikali yake ikamwona hana hatia. Ajabu ya mambo, Livingstone alipozikwa London tarehe 18 Aprili 1874, Kirk na Stanley walikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza moja.

Muda wote huo mimea hakuiacha. Alikuwa na nyumba na bustani huko Mbweni, ile ya Unguja, si hii ya kwetu karibu na Bunju, na alikuwa akipeleka mbegu na sampuli kwenye bustani ya Kew, London. Mtambazi mmoja wa mpira wa misitu ya pwani unaitwa kwa jina lake, Landolphia kirkii. Mti huo, kombe, na mabungo tunayokamulia juisi hapa mjini wote ni jamaa moja ya mimea yenye utomvu mweupe. Jamaa moja, mwingine tunda lake tunakunywa, mwingine unaua nyati.

Kutoka podo hadi sindano

Wakati Kirk akiwa Zanzibar, habari ya kombe ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Thomas Richard Fraser, daktari wa Edinburgh, alianza mwishoni mwa miaka ya 1860 kuchunguza sumu hiyo. Alitoa ndani yake kiini kinachofanya kazi, nacho kikaitwa strofanthini. Aliona kwamba inafanya misuli ya moyo ijikaze kwa nguvu zaidi. Mwaka 1885 akawatangazia madaktari wenzake kwamba dawa iliyotengenezwa kwa mbegu hizo inawasaidia wagonjwa ambao moyo wao umechoka.

Ulaya walikuwa na dawa nyingine ya aina hiyo. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alikuwa ameandika kuhusu mmea uitwao digitali, ambao majani yake yaliondoa uvimbe wa miguu kwa baadhi ya wagonjwa. Yeye pia alijifunza habari hiyo kwa watu wa kawaida, na yeye pia alionya kwamba dozi ikizidi kidogo mgonjwa hutapika, huona rangi vibaya na hata kufa. Strofanthini na digitali zilitoka pande mbili za dunia, lakini zinaingia kwenye moyo kwa mlango mmoja.

Tatizo la strofanthini lilikuwa lilelile lililowasaidia wawindaji kula nyama. Ukiinywa, huwezi kujua ni kiasi gani kitafika kwenye damu. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Albert Fraenkel, akiwa Strasbourg, aliamua kuipitisha kwenye mshipa kwa sindano. Wagonjwa waliokuwa wakitweta, midomo imebadilika rangi, walipata nafuu ndani ya dakika chache. Mshale ulikuwa umegeuka sindano, na njia ilikuwa ileile: moja kwa moja kwenye damu. Kampuni ya Boehringer ya Ujerumani iliiuza dawa hiyo kwa jina la Kombetin. Neno la wawindaji wa Shire likafika kwenye kabati za dawa za hospitali za Ulaya.

Lakini sindano hiyo iliua pia. Mgonjwa aliyekuwa tayari ametumia digitali, akichomwa strofanthini juu yake, moyo ungeweza kusimama hapohapo. Mwaka 1930 mkemia Sydney Smith alitenga digoksini kutoka aina moja ya digitali. Kipimo chake kilikuwa rahisi zaidi kudhibiti, na ilifaa kwa kidonge na kwa sindano. Polepole ikachukua nafasi ya dada yake, na ndiyo iliyofika kabatini kwa mzee wa Msasani.

Kwa hiyo jirani hakusema uongo mtupu. Digoksini haikutoka kwenye mshale, lakini ni ndugu wa karibu wa sumu ya mshale.

Inafanya nini ndani ya moyo?

Kila chembe ya msuli wa moyo ina pampu ndogo sana zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu hizi ziligunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, na mwaka 1997 akapata Tuzo ya Nobel. Dawa hizi huzipunguza kasi pampu hizo. Sodiamu ikijaa, kalsiamu nayo hubaki ndani ya chembe, na kalsiamu ndiyo inayofanya msuli ukaze. Moyo uliolegea unapiga kwa nguvu zaidi. Wakati huohuo dawa inachelewesha umeme unaopita kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini, hivyo moyo uliokuwa ukikimbia ovyo unatulia. Ndiyo maana mapigo ya Kirk yalishuka.

Ukizidisha, pampu nyingi zinafungwa. Umeme wa moyo unavurugika. Mapigo yanaweza kushuka mno, au yakaanza kuruka bila mpangilio, na mwisho moyo ukabaki unatetemeka tu bila kusukuma damu. Nyati wa Shire alikufa hivyo.

Sasa angalia ukubwa wa kitu tunachokizungumzia. Kidonge cha kawaida cha digoksini kina miligramu 0.25. Gramu moja inatosha vidonge 4,000. Tofauti kati ya kinachosaidia na kinachodhuru ni ndogo, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka ni ndogo zaidi, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini. Potasiamu ikipungua kwenye damu, mfano kwa kutumia dawa za kukojoza bila kupimwa, hata dozi ya kawaida inaweza kugeuka sumu.

Kiswahili chetu kimelijua hilo siku nyingi. Tunasema dawa ya homa, na tunasema dawa ya panya. Neno ni moja. Kinachotofautisha ni kiasi, na nani amekipima.

Leo kwenye chumba cha dharura

Dalili za digoksini kuzidi huanza kwa upole, na familia nyingi huzichukulia kuwa ni malaria au chakula kibaya: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, kuharisha, uchovu, kuchanganyikiwa. Wengine huona vitu vina rangi ya njano au kijani, au mduara wa mwanga kuzunguka taa. Kisha huja kizunguzungu, mapigo ya polepole au ya kurukaruka, na kuzimia.

Dawa siyo chanzo pekee. Tembea mitaa ya Msasani utaona oleanda kwenye kingo za nyumba, ile ya maua ya waridi na ile ya njano. Kwa wauza maua wa kando ya barabara utaona pia waridi la jangwani, lenye shina lililovimba chini. Yote ni mazuri na yote yana sumu ya moyo ya aina hiihii. Mtoto akitafuna mbegu zake, au mtu akichemsha majani yake akidhani ni dawa ya kienyeji, anaweza kufika hospitalini akiwa na hali kama ya aliyezidisha digoksini.

Akifika, wahudumu huanza na pumzi, mapigo, presha na sukari. Kisha wanambandika nyaya kifuani na mikononi kupata kipimo cha umeme wa moyo, kile ambacho wengi tunakiita ECG. Karatasi ile inaonyesha kama umeme unachelewa au unaruka. Damu inapimwa potasiamu na hali ya figo, na pale penye uwezo, kiasi cha dawa yenyewe. Mgonjwa aliyewahi na bado ana fahamu anaweza kupewa unga wa mkaa maalumu ili kuzuia sumu isiingie zaidi. Moyo ukiwa wa polepole sana kuna sindano ya atropini. Ipo pia dawa inayoikamata digoksini kwenye damu na kuizuia isifanye kazi, ila ni ghali na haipatikani kila mahali. Kubwa kuliko yote ni kumlaza kwenye mashine na kumwangalia saa baada ya saa.

Huduma hizi kwetu si za zamani sana. Idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kujitegemea mwaka 2015. Sisi wa Kinondoni wengi tunaanzia Mwananyamala, wa Temeke wanaanzia hospitali yao, na mgonjwa akihitaji zaidi anapewa rufaa.

Lakini mashine zote hizo haziwezi kujua mgonjwa amemeza nini. Hilo unalijua wewe uliyebaki naye nyumbani. Kwa hiyo:

Beba pakiti, chupa au jani lililotumika, hata kama limebaki kipande.

Sema muda aliomeza na kiasi, bila kuficha, hata kama ni dawa ya kienyeji au ni jambo la aibu. Daktari anatafuta tiba, hatafuti wa kumlaumu.

Usimlazimishe kutapika, na usipoteze muda kutafuta maziwa.

Kama ni dawa ya kila siku, usiiache ghafla wala usifidie dozi uliyosahau kwa kumeza mbili. Uliza kwanza ulikoandikiwa. Moyo ulioachwa bila dawa unaweza kuanza kukimbia tena baada ya siku chache, maji yakajaa mapafuni, na safari ya dharura ikawa ileile, ila kwa mlango mwingine.

Jina lililobaki

Kirk alipewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1881, na baada ya kustaafu aliishi Sevenoaks, kusini mwa Uingereza. Alifariki huko tarehe 15 Januari 1922, akiwa na miaka 89. Kitabu kikubwa cha maisha yake hakuwahi kukiandika. Jina lake limebaki kwenye mimea na wanyama, akiwemo yule swala mdogo wa nyikani, dikidiki, na kima mwekundu wa msitu wa Jozani, Unguja.

Kima huyo wataalamu humwita kwa jina la Kirk. Wazanzibari wao wanamwita kima punju, na punju maana yake ni sumu. Waliompa jina hilo hawakuwa wakifikiria habari ya mswaki, walikuwa na sababu zao. Lakini mimi nikisikia majina hayo mawili yakitajwa pamoja huwa nawaza yule daktari kijana kando ya mto Shire, mswaki mkononi, vidole juu ya mshipa, akihesabu.

Mama wa Msasani alinipigia tena wiki ile. Mzee alipelekwa kliniki, akapimwa ECG na damu, akarudishiwa dawa yake kwa nusu kidonge kwa siku, na tarehe ya kurudi akaandikiwa. Vidonge havikai tena kabatini na vitu vingine. Viko kwenye kopo lake, juu, mbali na wajukuu. Na jirani, alisema mama, anataka kujua kama oleanda iliyo kwenye kingo zake aing'oe au aiache. Nilimjibu kwamba kama nyumbani kwake kuna watoto wadogo, aing'oe.